Kabla ya kuuliza wanachimba wapi, uliza tope linaenda wapi

Msomaji mmoja kaniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Mto wetu unaingia kwenye ghuba, na sasa kuna mradi wa kuuchimba uwe na kina ili boti kubwa zipite na mafuriko yapungue. Tope litamwagwa kwenye kinamasi cha pembeni, kwenye matete na mikoko, wanasema pale ni eneo tupu na likishajazwa tutapata uwanja. Sisi wengine tunaona mto utaharibika na mandhari yake yote, lakini tukisimama kwenye kikao tukataja uzuri tunaambiwa uzuri hauliwi, mnapinga maendeleo. Je tuna hoja? Na tunaanzia wapi?"

Hoja mnayo ndugu yangu, tena nzito, ila kwa nilivyoisoma barua yako naona mmeishika kwa upande mgumu. Watu wengi wakisikia mto unachimbwa wanaenda kupambana na ile mashine, ile dreja inayonyonya au kuchota tope, kwa sababu ndiyo inaonekana na inapiga kelele. Sasa dreja itafanya kazi miezi kadhaa na itaondoka, lile tope ndilo linabaki, linabaki pale lilipomwagwa miaka na miaka, na mara nyingi uharibifu mkubwa wa mandhari ya mto hautokei pale walipochimba, unatokea pale walipomwaga. Kwa hiyo swali lenu la kwanza kwenye kikao lisiwe "kwa nini mnachimba", liwe "tope linaenda wapi, kiasi gani, lina nini ndani, na maji yake yanarudi wapi". Hayo yakijibiwa vizuri, kwa maandishi, mradi unaweza hata kuwa mzuri, na yasipojibiwa basi hata wao wenyewe bado hawajui wanafanya nini.

Hebu tupige hesabu kwanza, maana watu hawana picha ya ukubwa wa kitu chenyewe. Chukulia wanachimba urefu wa kilomita 5, upana mita 40, na wanaongeza kina cha mita 2. Hizo ni mita za ujazo 400,000. Ukitumia lori linalobeba mita 10 za ujazo unahitaji safari 40,000. Na ukilimwaga lote kwenye kinamasi kwa unene wa mita moja unafunika hekta 40 nzima. Namba za mradi wenu sina, huu ni mfano wa kukuonyesha kwamba "tutamwaga hapo pembeni" si jambo dogo la pembeni, hilo ndilo mradi wenyewe.

Alafu kuna kitu ambacho kwenye vikao huwa hakisemwi kabisa, nacho ni maji. Dreja ya kunyonya inapeleka tope kwa bomba, na ili tope lipite kwenye bomba lazima lichanganywe na maji mengi, yabisi yenyewe mara nyingi ni kama asilimia 10 mpaka 20 tu na kilichobaki chote ni maji. Kwa hiyo pale kwenye kinamasi hamtapokea udongo, mtapokea uji unaomwagika mchana na usiku, na yale maji lazima yarudi mtoni. Yakirudi yakiwa na tope basi mmechimba mto upande mmoja na mnauchafua upande mwingine. Mchanga hauna shida sana, chembe ya mchanga inashuka mita moja ndani ya dakika moja hivi au pungufu, lakini chembe ndogo kabisa ya udongo wa ufinyanzi, ile ya mikroni 2 (yaani milimita moja ukiigawa mara 500), hata kwenye maji yaliyotulia tuli inachukua kama siku tatu kushuka mita hiyo hiyo moja. (Kwenye maji ya chumvi zinashikana na kushuka haraka zaidi, hilo ni kweli, ila kwenye maji yasiyo na chumvi yanayotembea zinaweza kusafiri mbali sana.) Ndio maana bwawa la kutulizia tope linatakiwa liwe kubwa, liwe na kingo imara, na mdomo wake wa kutolea maji uwe wa kurekebishika ili maji yazuiwe mpaka yawe safi. Ukiambiwa hakuna bwawa, bomba linamwaga moja kwa moja kwenye matete, hapo una hoja ambayo haihitaji hata neno uzuri.

Na lile tope lina nini ndani? Hapa naomba msikubali jibu la "ni udongo tu". Chini ya mto ndiko kila kitu cha bonde zima kinakoishia, rangi za boti, mafuta, maji ya viwanda, dawa za mashambani, madini ya risasi, zebaki, na chembe ndogo za ufinyanzi ndizo zinazoshika sumu kuliko mchanga. Sumu hizo zikiwa zimelala chini kwenye giza bila oksijeni, nyingi zinakuwa zimetulia, ukizikoroga na kuzianika unaziamsha. Kuna jambo moja hasa kwa sehemu zenye mikoko na maji ya chumvi, lile tope jeusi lenye harufu ya mayai viza. Ule weusi na ile harufu vinatokana na madini ya chuma na salfa yaliyojikusanya pale pasipo hewa. Likibaki chini ya maji halina neno, lakini ukilitoa ukalitandaza juani likakauka, ile salfa inakutana na oksijeni na inageuka asidi ya salfa, asidi kweli kweli, na mvua ya kwanza kubwa inaisukuma mtoni ikiwa imebeba na aluminiamu iliyoyeyuka kutoka kwenye udongo. Samaki wanakufa, majani hayaoti, zege na vyuma vya karibu vinaliwa. Unapata eneo lenye vipara vya rangi ya kutu ambalo miaka mingi halifai kwa lolote, na huo ndio uwanja mlioahidiwa. Kipimo chake kipo na hakina maajabu, maabara nyingi za udongo zinaweza kukifanya. Waulize, mmepima asidi ya tope likikauka? Mmechukua sampuli ngapi, kina gani, sehemu zipi? Sampuli za juu juu hazitoshi, kwa sababu sumu ya zamani imelala chini zaidi, kule kule mashine itakakofika.

Sasa hilo neno "eneo tupu". Mimi linanikera sana na sitalificha. Kinamasi kinaitwa kitupu kwa sababu hakina nyumba, basi. Matete yanapunguza kasi ya maji na kuchuja tope kabla halijafika ghubani, mikoko ndiyo samaki na kamba wanakokulia wakiwa wadogo, na ile mizizi ya mikoko inayochomoza juu ya tope ndiyo inayovuta hewa, ukiifunika kwa tope la mradi ni kama umemziba mtu pua, mti unasimama wiki kadhaa ukiwa kijani alafu unaanza kukauka na hauamki tena. Hakuna haja ya kukata mkoko hata mmoja ili kuua msitu mzima, kumwaga tu kunatosha.

Na angalia hii maana ndiyo itawatikisa wale wanaosema habari ya mafuriko. Kinamasi ndicho mahali mto unapojitanua maji yakizidi. Ukirudi kwenye mfano wetu, hekta 40 zinazoweza kushika maji ya mita moja ni mita za ujazo 400,000 za nafasi ya mafuriko, ukizijaza tope umeziondoa zote. Injinia atakwambia usilinganishe hivyo, mfereji kazi yake ni kupitisha maji haraka na kinamasi kazi yake ni kuyahifadhi, na yuko sahihi kabisa. Basi mwombe alete hesabu zote mbili mezani, maji yatapanda kiasi gani mto ukichimbwa na kinamasi kikibaki, na yatapanda kiasi gani mto ukichimbwa na kinamasi kikijazwa, kwa nyie na kwa wale wa chini yenu. Huwa wanaleta ya kwanza, ya pili haipo kwenye ripoti. Na kule mtoni karibu na ghuba kuna jingine, ukiongeza kina unaifungulia njia bahari, maji kujaa yanaingia ndani zaidi na chumvi inapanda. Mto Ems kule Ujerumani ulichimbwa tena na tena ili meli kubwa za abiria zinazojengwa Papenburg ziweze kushuka baharini, na matokeo yake maji kujaa na kupwa yakawa makali zaidi, tope likawa linavutwa kutoka baharini kwenda juu, na wakati wa joto sehemu kubwa ya mto inakosa oksijeni ya kutosha samaki. Yaani waliochimba ili tope litoke wakapata mto unaolivuta.

Mfano ambao napenda watu waujue kuliko yote ni Mto Kissimmee, Florida, Marekani. Ulikuwa mto wa kona kona, kama kilomita 166, unazunguka polepole kwenye bonde lenye vinamasi na ndege wengi wa majini. Baada ya mafuriko ya miaka ya 1940 watu wakataka suluhisho, na kati ya 1962 na 1971 wahandisi wa jeshi, ambao Marekani ndio wanaosimamia kazi za njia za maji, wakauchimba ukawa mfereji ulionyooka wa kilomita 90 hivi. Tope lililotoka wakalirundika pembeni mwa mfereji. Vinamasi vikakauka maelfu ya hekta, ndege wa majini wa msimu wa baridi wakapungua zaidi ya asilimia 90, oksijeni ikashuka ndani ya ule mfereji, na watu ambao walikuwa wanaujua ule mto wakaanza kudai urudishwe karibu wakati ule ule kazi ilipokwisha. Kazi ya kuurudisha ilianza 1999 na ujenzi ukakamilika 2021. Na walifanyaje? Walichukua yale marundo ya tope yaliyolala pembeni miaka yote ile wakayarudisha ndani ya mfereji, kilomita kama 35 zikafukiwa, maji yakapata tena njia zake za zamani na mchanga ukaanza kujipanga wenyewe kwenye kona. Miaka 9 kuharibu, zaidi ya miaka 20 kutengeneza, tena kipande tu, na gharama ya kurudisha ikawa mara nyingi kuliko ile ya kuchimba. Ukienda kwenye kikao na mfano huo hakuna atakayekwambia unaongelea maua.

Tuje kwenye uzuri sasa, maana ndilo linakuumiza na nimeona kwenye barua yako kama mmeanza kuona aibu kulitaja. Msione aibu. Uzuri wa mto si pambo lililobandikwa juu, ni dalili ya mto unaofanya kazi. Ile kona unayoiona nzuri ipo kwa sababu mto unakula ukingo mmoja na kujenga mwingine, kwa hiyo una sehemu ya kina ambapo samaki wakubwa wanakaa na sehemu ya maji mafupi ambapo vifaranga wanakua. Maji kuwa maangavu maana yake mwanga unafika kwenye majani ya chini, na majani yakipata mwanga yanashika tope na kutoa oksijeni. Ukingo wenye kijani unaoteremka taratibu mpaka majini ndiyo njia ya kila kiumbe kinachoishi huku na huku. Mto ulionyooshwa wenye kingo za wima na rundo la tope la kijivu pande zote ni mbaya machoni, na ni mbaya machoni kwa sababu vile vitu vyote vimeondolewa. Kwa hiyo mkisema "mandhari itaharibika" msiishie hapo, endeleeni na sentensi ya pili, taja ni kona ipi, ni maji mafupi yapi, ni matete ya upande upi, na yanafanya nini.

Na kisheria uzuri umewahi kusimama mahakamani na kukubaliwa. Mwaka 1952 Mahakama ya juu ya jimbo la Wisconsin, Marekani, kwenye kesi ya bwawa lililotaka kujengwa Mto Namekagon, ilitambua kwamba kufurahia uzuri wa mandhari ya maji yanayopitika ni haki ya umma, haki inayoweza kulindwa kama ilivyo haki ya kupita na kuvua. Msingi wake ni wa zamani sana, hata sheria za Warumi zilisema maji yanayotiririka na pwani ni mali ya wote. Alafu 1970 kukawa na kesi nyingine Florida, wenye ardhi walitaka kujaza kama ekari 11 za ghuba ya Boca Ciega, wahandisi wa jeshi wakakataa kutoa kibali ingawa meli zisingezuiwa kupita, sababu yao ikawa ni madhara kwa samaki na viumbe, na mahakama ya rufaa ikasema wana haki ya kukataa kwa sababu hiyo. Mahakama ya kwenu haifungwi na kesi za Marekani, sitaki mdanganyike hapo, lakini zinaonyesha kwamba mnachokisema si ndoto za watu wachache, na nchi nyingi zina sheria za mazingira zinazotaja mandhari, ardhi oevu na haki ya umma kwenye kingo za maji. Tafuteni hilo neno ndani ya sheria yenu wenyewe, mkilipata someni kifungu kwa sauti kwenye kikao.

Kuna na hawa akina mama watatu, Catherine Kerr, Sylvia McLaughlin na Esther Gulick, ambao mwaka 1961 walianzisha chama cha kuokoa ghuba ya San Francisco, jimbo la California, Marekani. Wakati huo miji ya pembeni ilikuwa inaijaza ghuba kila mwaka, na mji wa Berkeley peke yake ulikuwa na mpango wa kujaza ekari 2,000. Kilichowasha moto ni ramani, wahandisi wa jeshi walikuwa wamechora kinachoweza kujazwa na ghuba ikaonekana kama itakuja kubaki mfereji tu. Ada ya uanachama ikawa dola 1, maelfu ya watu wakajiunga, na kufikia 1965 jimbo likapitisha sheria iliyounda tume ya kusimamia kila ujazaji na uchimbaji kwenye ghuba hiyo. Walianza kwa sababu walikuwa wanaipenda mandhari wanayoiona madirishani, hawakuficha hilo, ila waliipeleka kwa ramani. Nanyi fanyeni ramani. Chukua picha ya setilaiti ya mto wenu, chora lile eneo la kumwaga kwa ukubwa wake halisi, bandika ukutani kabla kikao hakijaanza. Watu wakiona wenyewe rangi nyekundu imefunika robo ya kinamasi maneno yanapungua.

Sasa nisieleweke kwamba kila uchimbaji ni uovu. Mto Hudson kule New York, Marekani, ulikuwa na tope lililojaa kemikali za sumu ziitwazo PCB kutoka viwandani, na kati ya 2009 na 2015 lilichimbwa tope zaidi ya mita za ujazo milioni 2, likakamuliwa maji, maji yakasafishwa, na tope likapelekwa kwa treni mpaka kwenye majalala maalumu yaliyoruhusiwa. Pale kuchimba ndiko kulikuwa dawa, na kinachoutofautisha na mradi wenu si mashine, ni mahali tope lilipoenda. Na tope safi ni mali. Kisiwa cha Poplar kwenye ghuba ya Chesapeake, Marekani, kilikuwa na ekari zaidi ya 1,000 karne ya 19, kikaliwa na maji mpaka miaka ya 1990 kikabaki ekari kama 5, na tangu 1998 kinajengwa upya kwa tope linalotoka kwenye njia za meli za bandari ya Baltimore, nusu msitu nusu kinamasi. Uholanzi mwaka 2011 walimwaga mchanga mita za ujazo milioni 21.5 hivi kwenye ufukwe karibu na Den Haag, kwa makusudi, ili mawimbi na upepo viusambaze vyenyewe kulinda pwani. Kwa hiyo swali "hamna mahali pengine?" lina majibu mengi, mchanga safi unaweza kurudishwa kwenye fukwe zilizoliwa, ufinyanzi unaweza kutengeneza matofali au kufunika majalala, tope jembamba la sentimita chache linaweza hata kusaidia kinamasi kinachozama, ila sentimita, sio mita.

Na mkitaka kuona jinsi swali la mahali pa kumwaga linavyoweza kugeuza mradi mzima, angalieni bandari ya Abbot Point kule Australia. Mwanzoni mwa 2014 iliruhusiwa tope mita za ujazo milioni 3 limwagwe ndani ya hifadhi ya bahari ya Great Barrier Reef, watu wakapinga sana, mpango ukahamishiwa nchi kavu, lakini hiyo nchi kavu ikawa ni pembeni mwa vinamasi vya Caley Valley, yaani wakatoka kwenye matumbawe wakaja kwa ndege. Watu wakapinga tena, na 2015 ikaamuliwa litumike eneo la viwanda lililokuwa tayari limetengwa karibu na bandari. Mwaka huo huo ikawekwa kanuni ya kukataza tope la miradi mipya ya kuchimba kumwagwa ndani ya hifadhi ile. Mahali pa tatu palikuwepo tangu siku ya kwanza, kilichokosekana ni mtu wa kuwalazimisha wapatafute. Ndio maana hata sheria ya maji safi ya Marekani ya 1972, kwenye kifungu chake cha 404 na kanuni zake, inamtaka mwenye mradi aonyeshe kwamba hakuna njia nyingine inayowezekana yenye madhara madogo, na kama anataka kujaza kinamasi kwa shughuli ambayo haihitaji kuwa majini, kwa mfano uwanja, inachukuliwa moja kwa moja kwamba njia nyingine ipo mpaka yeye athibitishe haipo. Ukiisoma vizuri, mzigo uko kwake. Mkataba wa London wa 1972 na itifaki yake ya 1996, zinazohusu kumwaga vitu baharini, nazo zinataka tope lipimwe na matumizi mengine yaangaliwe kabla ya kutoa kibali. Jengeni hoja yenu hivyo hivyo, msikubali kuambiwa nyie ndio mtafute mahali pengine.

Sasa mnaanzia wapi. Andikeni barua, fupi, mwombe tathmini ya athari kwa mazingira nzima pamoja na viambatisho, kwa sababu majibu ya tope yanakaa kwenye viambatisho na muhtasari unaogawiwa kwenye kikao hauna kitu. Ombeni ramani ya eneo la kumwaga yenye vipimo, matokeo ya maabara, michoro ya bwawa la kutulizia, na maelezo ya sehemu mbadala zilizofikiriwa na kwa nini zilikataliwa. Ombeni na jibu la swali hili moja, baada ya kuchimba mto utajaa tena baada ya miaka mingapi? Maana tope halitoki hewani, linatoka juu, kwenye miteremko iliyolimwa mpaka ukingoni, mifereji ya barabara, machimbo ya mchanga. Kama juu hakuna kinachofanyika basi watarudi kuchimba tena na tena, na kila wakirudi watahitaji mahali pa kumwaga, hekta 40 leo na nyingine kesho. Mradi wenye akili unaonyesha mahali pa kuweka tope la miaka 20 au 30, na unaweka hela ya kupanda miti na majani kwenye kingo za juu. Mara nyingi hiyo hela ya kingo ingetosha kupunguza uchimbaji wenyewe.

Wakati mnasubiri, kusanyeni ushahidi wa mto ulivyo sasa, kwa sababu kukishaharibika watasema ulikuwa hivyo hivyo. Chagueni sehemu chache, piga picha kutoka pale pale kila mara, maji yakijaa na yakipwa, msimu wa mvua na kiangazi, simu iwe imewasha mahali na tarehe. Wavuvi waandike wanachopata. Tengenezeni sahani nyeupe ya duara yenye kamba iliyofungwa mafundo, mnaishusha majini mpaka isionekane na mnaandika kina, kipimo hicho ni cha karne ya 19 na wanasayansi bado wanakitumia mpaka leo. Mkiwa na kumbukumbu ya mwaka mzima mnakuwa na data ambayo hata mkandarasi hana.

Na ikitokea mradi unapita, pambaneni na masharti, watu wengi wakishindwa kwenye kibali wanaondoka na hapo ndipo wanapopoteza zaidi. Kusiwe na kazi msimu samaki wanapotaga. Wapime tope linaloelea majini, upande wa juu wa mto na upande wa chini wa pale kazi inapofanyika, kila siku, na likivuka kiwango kazi isimame mpaka lishuke, neno "isimame" liwemo kwenye kibali chenyewe, sio "hatua zitachukuliwa". Lile pazia la kuzuia tope wanalofunga majini msilitegemee sana, kwenye maji yaliyotulia linasaidia lakini mkondo ukiwa na nguvu linainuliwa na tope linapita chini yake. Mipaka ya uchimbaji iwekewe alama na iache umbali na kingo, kwa sababu ukichimba chini ya ukingo unaporomoka wenyewe baadaye na miti yake. Na mkandarasi aweke fedha ya dhamana ambayo hairudishwi mpaka eneo lirekebishwe na likaguliwe, hii naiona muhimu kuliko ahadi zote za kwenye hotuba.

Kama wameshaanza, usiende kugombana na waendesha mashine, wao wameajiriwa tu. Nenda pale maji yanaporudi mtoni kutoka kwenye sehemu ya kumwaga, jaza chupa mbili angavu, moja upande wa juu wa mto kabla ya pale maji yanapotokea na moja upande wa chini, ziandike tarehe, saa na mahali, zipige picha pamoja, ziache zitulie na uzipige tena kesho yake. Peleka picha hizo kwa mamlaka ya mazingira kwa barua yenye nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na ripoti yao mkiipata nitumie ile sura ya mahali pa kumwaga na majibu ya maabara, nitayasoma na nitakuandikia kwa kirefu nilichokiona.